Tupeane uzoefu: mikoa ilipotajwa kwa idadi ya wagonjwa wa korona, sisi wa Dodoma na Singida tulijionaje?

Mwanzisha mada, Ihumwa

Ndugu wanachama, Januari 20, 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza hapa Dodoma, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, kwamba virusi vya Marburg vimethibitika Biharamulo mkoani Kagera, nilikuwa kwenye foleni ya tiketi stendi ya Nanenane. Kijana aliyesimama mbele yangu alisema kwa sauti kwamba hayo ni mambo ya huko ziwani, kwamba hewa ya Dodoma ni kavu na jua letu halimwachi mdudu akaishi, na watu wakaitikia kwa fahari, kana kwamba ukame ni kazi ya mikono yao. Maneno yale nilikwisha kuyasikia mwaka 2020, karibu neno kwa neno, na ndiyo maana nimeona tuwekeane hapa yale tuliyoyaona.

Kwa walio wadogo niseme kwa ufupi. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020, naye alikuwa Arusha, akiwa ametoka Ubelgiji. Shule zikafungwa. Tangu hapo Wizara ya Afya ikawa inatoa taarifa zinazotaja wagonjwa wapya mkoa kwa mkoa, na jioni watu walizisubiri taarifa hizo kama msimamo wa ligi, mwenye mkoa uliotajwa akainama na mwenye mkoa ambao haukutajwa akatamba. Dar es Salaam ilikuwa juu siku zote. Mwishoni mwa Aprili Dodoma nayo ilikuwa imekwisha kutajwa, na kisha takwimu zenyewe zikakoma: taarifa ya mwisho ya Bara ilikuwa ya Aprili 29, ikiwa na wagonjwa 480 na vifo 16 kwa nchi nzima, na baada ya Zanzibar kutoa yake mwanzoni mwa Mei jumla ikabaki 509 na vifo 21, ikakaa hapo zaidi ya mwaka.

Naomba kila mmoja aeleze alichokiona mwenyewe, si alichosimuliwa. Tusitaje jina la mgonjwa, la hospitali wala la kiongozi wa mtaa. Na suala la kama nyungu inatibu au haitibu tuliweke kando, maana tukilifungua hatutalifunga.

Mnunuzi wa nafaka, Kibaigwa

Mimi nitaeleza la sokoni. Soko letu la Kibaigwa linaishi kwa wageni. Mahindi na alizeti hatuuziani wenyewe kwa wenyewe, tunawauzia wanaokuja na malori kutoka Dar es Salaam, Morogoro na hata nje ya nchi. Aprili 2020 takwimu za Dar zilipopanda, wenyeji walianza kuwaita wanunuzi wale kwa jina la ugonjwa. Ajabu ni kwamba hakuna aliyewakatalia fedha zao.

Karibu na mzani wetu kulikuwa na ndoo moja ya bluu yenye koki, imewekwa juu ya kigoda cha mbao, na kipande cha sabuni ya mche kimefungwa kwenye soksi ili kisiibwe. Agizo lilikuwa kila aingiaye anawe. Lakini mpagazi aliyesimamia ndoo ile alikuwa akimwangalia mtu usoni kwanza: akimsikia anaongea Kiswahili cha Pwani, anamwelekeza kwenye ndoo, akiwa ni Mgogo au Mrangi anayemfahamu, anampisha kwa salamu ya "mbukwenyi" na kumshika mkono. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mama, huyu ni wa hapa hapa, sisi hatuna." Baadaye jioni yule yule alikuwa bega kwa bega na makuli wa lori la Dar, wanapandisha magunia, jasho la huyu kwa huyu, barakoa zikiwa zimeshushwa kidevuni kwa sababu huwezi kubeba gunia la kilo mia ukiwa umefunikwa pua.

Mimi sikuwahi kuona ugonjwa ukiuliza mtu anatoka wapi, ila niliona wanunuzi wawili wa muda mrefu wakihamia soko jingine kwa sababu ya kudhalilishwa, na hawajarudi hadi leo.

Dereva wa masafa, Singida

Mwenzetu wa Kibaigwa ameeleza jinsi wenyeji walivyomtazama mgeni. Mimi nilikuwa mgeni kila mahali, hata nyumbani.

Mwezi Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa muda, na siku chache baadaye, Mei 16, Kenya nayo ikafunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa malori ya mizigo, ambayo madereva wake walipaswa kupimwa. Rwanda walitaka tubadilishane madereva pale Rusumo ili Mtanzania asiingie ndani. Basi mimi niliyetoka Singida, mkoa ambao kule hakuna aliyeujua, nikawa ni "Mtanzania" tu, tena Mtanzania ambaye nchi yake haitoi takwimu. Madereva wenzangu walikasirika sana, wakasema tunaonewa wivu kwa kuwa kwetu ugonjwa umekwisha. Nami nilikasirika, sitasema uongo. Ila nilijiuliza: hawa wanatufanyia nini ambacho sisi hatujawafanyia watu wa Dar?

Nikirudi nyumbani Manyoni, mke wangu alikuwa ameacha kwenda kisimani asubuhi. Alikuwa anakwenda jua likiwa kali, wakati hakuna mtu, kwa sababu majirani walikuwa wakiondoa ndoo zao akifika. Majirani hao hao ndio waliosema Manyoni hakuna korona. Sasa kama haipo, ndoo waliondoa kwa ajili gani?

Mtaalamu wa maabara mstaafu, Dodoma mjini

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Nimesoma kwa makini na ningependa kulieleza jambo ambalo naona limepitwa katika mazungumzo haya, nalo ni namna idadi ya mkoa inavyopatikana.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 vipimo vya korona kwa nchi nzima vilikuwa vikifanyika katika Maabara Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Mgonjwa akishukiwa hapa kwetu, kijiti cha pamba kinaingizwa puani au kooni, kinawekwa kwenye chupa ndogo yenye kimiminika cha kutunzia virusi, chupa inafungwa tabaka tatu, inawekwa kwenye boksi la baridi, na boksi linasafiri kwa barabara ya Morogoro. Ili jina la mkoa litajwe, basi, ni lazima kwanza awepo mtu aliyefika kituoni, awepo mhudumu aliyemshuku, viwepo vifaa, boksi lifike likiwa bado na baridi, na majibu yarudi. Kijiji cha mbali huko Mpwapwa au Chemba kingeweza kuwa na wagonjwa nyumba kwa nyumba na kikabaki na sifuri, kwa sababu hakuna boksi lililotoka huko. Sifuri ile ilikuwa inapima barabara na gari. Watu wakaifanya ushahidi wa afya yao.

Tena kulikuwa na ubishi mwingine uliokuwa ukinichosha. Bunge la bajeti liliendelea hapa Dodoma mwaka ule, kwa kupunguza idadi ya wabunge ukumbini, na mji ukawa na watu kutoka kila mkoa. Mgonjwa alipopatikana, swali la kwanza lililoulizwa na watu wa mjini, wakiwemo wasomi, halikuwa hali yake wala alikaa na nani, lilikuwa "Ni wetu au ni wa kuja?" Mgonjwa huhesabiwa pale alipogunduliwa, kwa sababu hapo ndipo watu aliokutana nao wanapotafutwa. Lakini watu walitaka apelekwe kwenye hesabu za Dar es Salaam au Mwanza, jina lake libaki na huko, hata kama mwili wake uko kitandani kwetu. Nilimsikia mtu ninayemheshimu akisema kwa uchungu kabisa kwamba mji wetu umepewa hadhi ya jiji mwaka 2018 na sasa wageni wanatuharibia rekodi. Rekodi!

Mei 3, 2020, Rais Magufuli, akiwa Chato, alieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilitoa majibu ya kuwa na ugonjwa, na kuanzia hapo imani ya wengi kwa vipimo ilikatika. Mwezi Juni, hapa hapa Dodoma, kanisani, akatangaza kuwa ugonjwa umeondoka. Sitaingia katika siasa yake. Nasema tu kile kilichotokea vyumbani: ile hesabu ya mkoa ilipokosekana, fahari haikuondoka pamoja nayo, bali iliongezeka, maana sasa hapakuwa na namba ya kuisuta. Mwanzoni mwa 2021, watu walipokuwa wakipumua kwa shida, kauli iliyotumika ilikuwa "changamoto ya upumuaji", na familia zilikuwa zikituomba tuandike pumu au presha hata pale ambapo mgonjwa hakuwahi kuwa na pumu maishani mwake. Waliogopa msiba usiokuwa na watu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini safari hii hata kifo kilifichiwa jina.

Mzaliwa wa Njombe, mkazi wa Nkuhungu

Nitakuwa mfupi. Sisi wa Njombe tunaishi na namba tangu zamani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulituweka juu ya mikoa yote kwa maambukizi ya virusi vya Ukimwi, asilimia 11.4 ya watu wazima, na tangu hapo hakuna mahali ninapojitambulisha bila mtu kutabasamu. Nilipokuja Dodoma, binti mmoja aliniambia wazi kwamba mjomba wake amemkataza. Korona ilipofika na watu wa hapa wakaanza kuhesabiana mikoa, nilinyamaza tu, nikawaacha nao waonje kidogo.

Mwalimu wa sekondari, Chamwino

Ndugu zangu, upande wa pili wa jambo hili haujasemwa.

Chanjo ilizinduliwa Julai 28, 2021, Rais Samia akichanjwa wa kwanza hadharani, kwa dozi zaidi ya milioni moja za Janssen zilizokuwa zimewasili siku chache kabla. Mwanzoni wengi waliikwepa. Baadaye mikoa ikaanza kupangwa kwa idadi ya waliochanjwa, na hapo ndipo nilipoona kituko. Wale wale waliokuwa wakitaka namba ndogo sasa walitaka namba kubwa. Vikao vilivyokuwa vikisisitiza kwamba kwetu hakuna ugonjwa vikawa vinauliza kwa nini kata jirani imetupita kwa kuchanja dhidi ya ugonjwa ambao haupo.

Niliwahi kusaidia kuandikisha majina kwenye hema la chanjo lililokuwa karibu na stendi. Abiria walikuwa wanashuka kwenye basi la Mwanza au la Tabora, wanachanjwa wakati basi linasubiri, wanapanda na kuendelea na safari. Mtu mmoja alitaka kujua kama anaweza kuandikwa kwao Nzega. Msimamizi alimjibu haraka: "Hapana, mzee, umechanjwa hapa, wewe ni wa hapa." Nilicheka hadi kalamu ikanidondoka. Mwaka mmoja tu kabla, mzee yule angekuwa anakohoa, angekuwa wa Nzega kabla hajamaliza kukohoa.

Hata hivyo sitaki kuidharau fahari hiyo ya pili. Ilileta hema, ilileta gari hadi vijijini, na bibi yangu mwenye kisukari alichanjwa mlangoni kwake kwa sababu mtendaji hakutaka kijiji chake kiwe cha mwisho.

Mzee wa Kondoa

Wanangu, nimewasoma wote, na kuna mahali ambapo siafikiani nanyi. Mnazungumza kana kwamba kila aliyesema "kwetu hakuna" alikuwa mjinga au mwenye majivuno. Sisi vijijini nyumba zimeachana, kazi zetu ni za nje, mashambani na machungani, hatusongamani kwenye daladala, na ugonjwa unaoenea kwa pumzi katika vyumba vilivyofungwa hauwezi kutembea huku kwa kasi ile ile ya Kariakoo. Hilo nalo ni kweli. Na tulipowaambia vijana walioko mjini wasije kwanza, wengi wetu tulikuwa tunawalinda wazee wenzetu, wala hatukuwa tunamchukia mtu. Kijana wangu mwenyewe nilimwambia abaki Dar, na alinielewa.

Mtaalamu wa maabara mstaafu, Dodoma mjini

Mzee wangu, shikamoo. Hoja yako ya nyumba kuachana naikubali bila shida. Nina swali moja tu. Kijana wako ulimwambia abaki. Je, mtu wa Kondoa hapo hapo alipoanza homa na kikohozi kikavu, naye aliambiwa akae chumba chake, au alipelekewa watu wa kumpa pole?

Mzee wa Kondoa

Marahaba. Alipelekewa watu. Tulijaa ua mzima, na chai ikapikwa.

Mwanzisha mada, Ihumwa

Ahsanteni. Mada iko wazi. Ningependa hasa kuwasikia waliokuwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii huko Bahi na Mpwapwa, na kama kuna mwenyeji wa Biharamulo anayeishi hapa Dodoma, atueleze alivyopokelewa Januari ile alipotaja kwao.