Msaada wakuu: rupia mbili ya Mjerumani ina mkwaruzo shavuni, thamani ndo basi?

Mtoto wa Tukuyu: Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanjelwa, Mbeya. Marehemu bibi ameacha kijaluba, ndani kuna sarafu moja ya rupia mbili ya 1893: huku Kaizari, mfalme wa Ujerumani, na kofia yenye ndege tai, kule simba na mnazi. Kaizari ana mkwaruzo mrefu shavuni na ukingo umebonyea kidogo. Sonara anasema imeshaharibika, atanipimia uzito tu. Nimeanza kuisugua upande wa simba kwa dawa ya meno, inang'aa balaa. Niendelee?

Mnyalukolo: WEWE ACHA! Weka chini hiyo dawa ya meno!

Babu Rupia: Mkuu, mwenzangu hapo juu kapiga kelele lakini yuko sahihi. Sarafu hupangwa daraja kuanzia 1 hadi 70, na kuanzia 60 ndipo zilipo zile ambazo hazijatumika. Hata hizo hazikosi vijeraha, maana ziligongana tangu kiwandani. Kinachoangaliwa ni alama ipo wapi. Ikijificha kwenye manyoya ya tai, wengi hawaioni. Ikiwa shavuni au kwenye uwanda mtupu, jicho linatua hapohapo, na bei inashuka.

Sasa tazama mkwaruzo wako kwa taa ya pembeni. Ndani yake umeingia weusi kama sarafu yenyewe? Huo ni wa zamani, wanunuzi huuvumilia, hasa kama sarafu imeshalika kwa kutumika. Ukiwa mweupe, ni wa juzi.

Kusugua ni kesi nyingine. Inaacha vistari vyembamba, na mng'ao wa asili haurudi. Kampuni za Marekani zinazopanga daraja zikiviona, mara nyingi haziipi namba, zinaandika kwamba imesafishwa. Mimi niliwahi kuua rupia ya 1911 kwa majivu, tena kwa kujisifu.

Mama Ndizi: Umeuliza thamani, hujauliza kama ni halisi! Sarafu za rupia mbili zilipigwa 1893 na 1894 tu, ndiyo maana za bandia zimejaa. Halisi ina gramu 23.3 hivi, iliyolika hupungua kidogo. Ikipungua sana, shaka. Na akitokea mtu wa "nitumie kwanza hela ya kipimo", mfungie namba.

Mnyalukolo: Fedha tupu humo ni gramu 21 na ushei. Sonara analipia hizo, historia anaichukua bure. Ingekuwa imetobolewa tundu la mkufu ningemwelewa.

Mtoto wa Tukuyu: Nimerudi. Mizani ya sonara imesoma 23.1. Weusi umo ndani ya mkwaruzo. Kuniona nimegeuka kuondoka, kaongeza dau mara mbili! Ila ule upande wa simba… nimesugua kama robo hivi.

Babu Rupia: Usiiguse tena, hata kuirudishia weusi usijaribu. Ifunge kwenye karatasi kavu, si ile mifuko laini ya plastiki. Piga picha pande zote mbili, mwanga wa pembeni, na hiyo robo usiifiche.

Mtoto wa Tukuyu: Sawa mzee wangu. Napiga kesho asubuhi, leo Mbeya ni ukungu mtupu.