Eti "punguza muguka, mwanangu"! MOMBASA ILIKUWA NA TRAMU, mtake msitake

MtuWaKibokoni:
Nimetoka barazani sasa hivi, damu yachemka, nikikosea herufi mtanisamehe. Yule bwana mwamjua. Mwenye funguo za gari kidoleni, na gari lenyewe hatujaliona tangu Ramadhani ya juzi. Simtaji.

Twazungumza foleni ya Makupa, mie nikasema tu, kwa adabu zangu, kwamba kisiwa hiki zamani kilikuwa na tramu zake, vigari vya relini, vya kusukumwa na watu. Akaniangalia, akafuta mdomo kwa leso polepole, akasema: "Punguza muguka, mwanangu." Yaani nimelewa majani ya kutafuna!

MWANANGU! Mtu niliyemfundisha kuogelea! Baraza zima hoi. Muuza kahawa alicheka mpaka akanimwagia kikombe kwenye kanzu, akasema pole na huku bado acheka. Kanzu ya Ijumaa.

Basi sikizeni, wajuaji. Mwaka 1890 ile kampuni ya Waingereza, IBEA, ililaza reli nyembamba ya futi mbili huko bara, wakaiita Reli ya Afrika ya Kati. Jina refu kuliko njia: haikufika hata maili kumi ikawashinda. Vyuma vyake vikaja kutumika huku kisiwani. Vigari vina benchi na paa la kitambaa, vijana wasukuma nyuma mbio juani, bwana mkubwa amekunja nne kivulini. Mji wa Kale mpaka Kilindini. Wengine walikuwa na vigari vyao wenyewe, na reli yaingia hadi mlangoni! Kisha yakaja magari ya mota, kufikia miaka ya 1920 hadithi ikaisha. Postikadi zake zimejaa tele. Muguka! Mie hata tambuu sitafuni!

BintiMakadara:
Kwa hiyo ni mkokoteni uliowekewa reli. Yule bwana kosa lake nini?

MtuWaKibokoni:
Una benchi na paa, dada. Mkokoteni gani wa mtaani kwenu una paa?

BintiMakadara:
Wa muuza madafu. Mwavuli wa kampuni ya simu kabisa.

FundiMwembe:
Swali. Njia ni moja, vigari viwili vikikutana uso kwa uso, nani arudi nyuma?

KakaChangamwe:
Kama matatu za Buxton. Harudi mtu.

MtotoWaShangani:
Nyie mwagombania vigari vya kusukuma! Unguja tulikuwa na treni ya moshi mwaka 1905, Ngome Kongwe mpaka Bububu, kampuni ya Kimarekani ndiyo iliyojenga. Abiria kakaa, hasukumi wala hasukumwi.

BintiMakadara:
Na leo kwenda Bububu mwapanda nini?

MtotoWaShangani:
Hayo ni mengine.

MtuWaKibokoni:
Jamani tusitoke kwenye mada. Kaniita MWANANGU. Mbele ya watu. Na leso mkononi.

KakaChangamwe:
Ami, si ndiye yule aliyeapa hataoa mpaka reli mpya ya SGR ifike Kisumu?

MtuWaKibokoni:
Huyo huyo.

KakaChangamwe:
Mbona ana wake wawili?

FundiMwembe:
Afadhali hao wakubwa wenu walisukumwa. Jana tuktuk, Bondeni hadi Ganjoni, kijana ataka mia tatu. Namuuliza kwa nini, ananionyesha wingu. Haijanyesha hata tone!

BintiMakadara:
Wewe walau wingu lilikuwepo. Mie nilitozwa za begi. Begi la mkononi, limekaa mapajani mwangu.

MtuWaKibokoni:
Na kanzu yangu je? Doa la kahawa latokaje?

MtotoWaShangani:
Ndimu na chumvi. Uanike juani.

MamaWaLikoni:
Samahani naingilia. Kuna aliye upande wa kisiwani aniangalie feri ngapi zavuka sasa? Foleni haisogei, nina ndoo mbili za samaki wa watu na barafu yayeyuka.

FundiMwembe:
Samaki gani, mama? Changu wapo?