Tupeane uzoefu: Uchovu usioisha kwa wenye Crohn na vidonda vya utumbo mpana. Kwako chanzo kilikuwa nini?

Wadau, salaam kwenu nyote.

Naomba leo tuziache habari za msalani pembeni kidogo, tuzungumzie uchovu. Sisemi ule wa kupiga kazi, ukalala, ukaamka mzima. Nasema ule wa kuamka asubuhi mwili mzito kuliko ulivyolala nao, unapanda ngazi umeshika ukuta, unasoma ukurasa mmoja mara tatu na hakuna kilichoingia. Nina Crohn, ugonjwa wa uvimbe wa muda mrefu wa utumbo, miaka mingi sasa. Maumivu ya tumbo watu huyaelewa. Uchovu wanauita uvivu, na wanaosema hivyo ni watu wanaonipenda.

Ndiyo maana nataka tuandike hapa kinachotokea mwilini. Utumbo ukiwa na uvimbe, seli za kinga humwaga kemikali ziitwazo saitokini, kwa mfano TNF, IL-1 na IL-6. Hazikai tumboni. Nyingine husafiri na damu, nyingine huamsha neva ya vagasi inayounganisha tumbo na ubongo. Ubongo ukipata habari hiyo hufanya kile kile unachofanya ukiwa na homa: unakutaka ulale, hamu ya kula inakata, hutaki hata kuongea na mtu. Mwenye mafua hupitia hayo siku chache yakaisha. Kwetu, ugonjwa ukiamka, amri hiyo haikatiki.

Lakini saitokini si hadithi nzima. Kila mmoja aseme kwake vipimo vilikuta nini.

Binti Subira:
Asante kwa uzi huu, ndugu yangu. Mimi nina vidonda vya utumbo mpana. Kwangu ilikuwa damu. Nilikuwa napoteza kidogo kidogo kwenye choo, nimeshazoea hata siisemi tena nikiulizwa habari. Nikaandikiwa vidonge vya chuma. Tumbo likavuruga, choo kikawa cheusi, nikaingiwa na hofu kwamba navuja damu juu zaidi. Nesi ndiye aliyenituliza: chuma kisichofyonzwa hugeuza choo kuwa cheusi.

Nilimeza kwa uaminifu, damu haikupanda. Daktari mwingine akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Uvimbe ukiwepo, ile IL-6 huliamuru ini litoe homoni ya hepsidini. Hepsidini huziba njia ya chuma kutoka kwenye utumbo kuingia kwenye damu, na pia huzuia chuma kilichohifadhiwa ndani ya seli kisitoke. Ni kama kuwa na ghala lenye nafaka na ufunguo huna. Nikawekewa chuma kwa dripu, na dawa ya kutuliza utumbo wenyewe ikabadilishwa. Nguvu hazikurudi siku ile ile, lakini zilirudi. Nilijua siku niliyosimama kupiga pasi nguo zote bila kuvuta kiti.

Mwanzisha uzi:
Dada, umegusa penyewe, na hapa naomba wote tusome polepole. Ukiambiwa "damu yako iko sawa", uliza na feritini, ambayo ndiyo kipimo cha akiba ya chuma. Akiba inaweza kukauka kabla wingi wa damu haujashuka, na uchovu ukaanza hapo hapo. Halafu feritini hupandishwa na uvimbe wenyewe. Mtu ambaye ugonjwa umetulia, chini ya 30 ni upungufu. Ugonjwa ukiwa umeamka, hata feritini inayokaribia 100 inaweza kuficha upungufu, kwa hiyo wanaangalia pia transferini, protini inayosafirisha chuma kwenye damu: ni asilimia ngapi yake imebeba chuma. Ikiwa chini ya 20 wanashtuka. Mimi naona kipimo hiki kingekuwa cha kwanza kwa kila mmoja wetu anayelalamika uchovu.

Mzee wa Kazi:
Mimi nilikatwa mwisho wa utumbo mwembamba kwa sababu ya Crohn. Pale ndipo vitamini B12 inapofyonzwa, hakuna sehemu nyingine inayoifanya kazi hiyo ipasavyo. Tatizo ni kwamba ini lina akiba ya miaka, kwa hiyo baada ya upasuaji nilikuwa fiti kabisa. Upungufu ulikuja baadaye sana, wakati hakuna aliyekuwa anaukumbuka tena upasuaji. Uchovu, kusahausahau, nyayo kufa ganzi na kuchomachoma. Sasa nachomwa sindano za B12 na nitachomwa maisha yote. Mkiona ganzi miguuni msisubiri, neva zikiumia muda mrefu si zote zinarudi.

Na mnaotumia methotreksati au salfasalazini, ulizeni kuhusu vitamini ya foleti. Dawa hizo huingilia matumizi yake mwilini.

Tulia Moyo:
Mimi mwenzenu kila kipimo kiko sawa. Choo kimepimwa kalprotektini, protini inayoonyesha uvimbe wa utumbo, iko chini. Chuma kipo, B12 ipo, tezi ya shingo haina shida. Bado nachoka. Je, niko peke yangu?

Mwanzisha uzi:
Hauko peke yako hata kidogo. Karibu nusu ya ambao ugonjwa umetulia bado wana uchovu. Hebu angalia usingizi: umekaa muda gani ukiamka usiku kwenda chooni? Mwili huendelea kukatisha usingizi hata sababu ikishaondoka. Angalia na misuli. Uvimbe wa muda mrefu pamoja na dawa za steroidi, kama prednisoloni, huila misuli, na mwenye misuli michache hutumia nguvu nyingi kwa kazi ndogo. Sonona nayo ipimwe bila aibu, maana saitokini zile zile zinahusika nayo.

Tulia Moyo:
Misuli! Mapaja yangu yamepungua wazi. Nilikuwa kwenye prednisoloni muda mrefu, nikajisikia nafuu, nikaiacha wiki iliyopita. Tangu hapo ndiyo uchovu umezidi, na nikisimama ghafla naona giza.

Mzee wa Kazi:
Uliiacha ghafla, au daktari alikupunguzia?

Tulia Moyo:
Niliacha mwenyewe.

Mwanzisha uzi:
Ndugu, funga simu uende hospitali leo, usingoje kliniki yako. Ukitumia prednisoloni kwa muda, tezi za adrenali zilizo juu ya figo huacha kutengeneza kotisoli, homoni inayosaidia kushikilia presha. Dawa ikikatwa ghafla mwili unabaki bila kotisoli, presha inashuka, na hali hiyo inaweza kuua. Ukifika sema wazi ulikuwa unatumia steroidi, dozi gani, na umeacha lini. Usiende peke yako. Ukishaonwa, tuandikie hapa.