Naomba ushauri: mtoto analala mdomo wazi, mazoezi ya ulimi yanasaidia kweli?

Habari zenu wakuu, nipo Tanga, binti yangu ana miaka saba, analala mdomo wazi na kukoroma, kuna muda pumzi inakata kabisa halafu anashtuka, asubuhi foronya imelowa udenda na midomo imekauka mpaka inapasuka. Akimeza uji naona ulimi unavyosukuma meno ya mbele, na yameanza kutokeza. Daktari wa meno kanitajia tiba inaitwa kwa Kiingereza myofunctional therapy, yaani mazoezi ya ulimi, midomo na mashavu ili ulimi uzoee kukaa juu kwenye kaakaa, mdomo ufungwe, apumue kwa pua. Nimesoma uchambuzi wa 2015 wa Camacho na wenzake, kukatika pumzi usingizini kulipungua karibu nusu kwa watu wazima, watoto asilimia 62 hivi, ila watoto waliopimwa walikuwa wachache. Mi naona kwanza apimwe nyama za puani, maana njia ikiwa imeziba ulimi utafanya nini?

Kuna mzazi ambaye mwanae kafanya haya mazoezi? Mtaalamu yupo hapahapa Tanga au mpaka Dar? Na mlimzoeshaje kila siku, huyu wangu akibandika ulimi juu kidogo tu keshakimbilia nje. Nisaidieni jamani, usiku silali.