MREJESHO: Ombi la maktaba ya chuo kubaki wazi hadi saa sita usiku

Wakuu, niliwauliza kwa nini ombi la wanafunzi la kuongezewa muda wa maktaba linazungushwa kila kikao bila jibu. Mlioniambia nitafute kwanza ni kamati ipi yenye mamlaka, asanteni sana.

Barua ilikuwa imekaa Kamati ya Taaluma, ambayo kazi yake ni kupendekeza. Muda wa maktaba unagusa umeme, walinzi na malipo ya wakutubi, kwa hiyo lazima upite Kamati ya Fedha na Mipango kabla ya kufika Baraza la Chuo. Seneti ya chuo inasimamia masomo; fungu la fedha liko kwa Baraza.

Tukaandika upya, tukaambatanisha makadirio ya gharama na nakala ya daftari la wanaoingia usiku. Mwakilishi wetu akahakikisha hoja inaingia kwenye ajenda yenyewe, siyo kwenye "mengineyo", ambako wajumbe wanakuwa wameshachoka na wanataka kuondoka.

Wamekubali majaribio kwa wiki za mitihani tu. Sijaridhika, maana hata wiki hizo dada zetu wanaopanga mbali hawana usafiri wa usiku. Hilo tumelipeleka Kamati ya Ustawi wa Wanafunzi, na muhtasari wa kikao tumeuomba kwa maandishi.