Gasketi zangu mbili za injini ziko wapi?? Najibiwa "kanunue Passo"!!

Wakuu salamu mtanisamehe, naandika nimesimama juani nje ya gereji na mikono inatetemeka. Yule fundi mnamjua. Yule yule, ovaroli la bluu, simu mbili, anajiita daktari wa Subaru, sitaji jina wala hakuna haja, hakuna mwenye Subaru Dar hii ambaye hajamwachia hela.

Nimeuliza swali moja tu la kistaarabu, "fundi, gasketi zangu mbili mpya ziko wapi?" Akaniangalia juu mpaka chini, mbele ya vijana wake wote, mbele ya mama ntilie, mbele ya mteja mwenye Harrier, akacheka, akasema "kaka, hii mashine haikufai, nenda kanunue Passo."

PASSO, kile kigari kidogo cha Toyota. Mimi.

Ngoja niwaeleze. Gari ni Impreza WRX ya 2004, injini EJ205 yenye turbo, nimeiagiza Japani kwa jasho langu. Mwezi uliopita plastiki ya juu ya rejeta ikapasuka nipo foleni ya Ubungo, mshale wa joto ukapanda, nikazima lakini ndo hivyo tena. Kuanzia hapo nikikanyaga kidogo tu maji yanarudi kwenye kibuyu cha akiba yanatoa mapovu kama soda imetikiswa, mipira ya rejeta inakakamaa kama fimbo. Hilo halihitaji mganga, moshi wa silinda unapenya kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, unaingia kwenye maji. Sikubishana na mtu. Nikaenda Kariakoo nikanunua gasketi MBILI, zile za chuma za tabaka, maana boksa, injini yenye silinda zilizolala pande mbili, ina hedi mbili, ya kulia na ya kushoto, laki tatu na nusu ikatoka hapo, kulanti juu, halafu yeye laki saba ya ufundi eti injini lazima ishushwe. Siku kumi na moja! Kila nikipiga simu "kesho asubuhi kaka", hiyo kesho yake mtoto angezaliwa akaanza na shule.

Ijumaa nakabidhiwa. Jumamosi naenda msibani Morogoro, sijafika hata Kibaha, mshale huo, mvuke unatoka kwenye boneti kama sufuria la makande la shule ya bweni. Bridauni ya kunivuta laki na ishirini. Jana fundi mwingine kafungua mimi nikiona kwa macho yangu. Upande wa kushoto haujaguswa KABISA, bolti bado zina vumbi la Japani. Upande wa kulia ni gasketi ile ile ya zamani, nyeusi imeungua, kaipaka silikoni ya kijivu kama anapaka siagi kwenye mkate, imebanwa imefurika mpaka imeziba njia za maji. Gasketi ya chuma unaipaka silikoni?? Na themostati, ile valvu inayofungulia maji injini ikipata joto, katoa, hajaniuliza, hajaniambia!

Sasa leo nimemfuata na ile gasketi mkononi, sijatukana, sijapaza sauti, nimeuliza tu zangu ziko wapi. "Kanunue Passo." Dogo wake wa kujaza upepo kacheka mpaka kaangusha spana. Jamani hela inauma lakini hela nitatafuta. Mtu kakuibia gasketi mbili, kakuharibia injini, halafu anakuchagulia gari! Mama ntilie naye kaweka mwiko chini ili acheke vizuri!

mzee_wa_gia: Pole sana mkuu. Huyo namjua, mimi alinirudishia gari na bolti nne zipo kwenye kopo la maziwa ya unga, nikauliza hizi za nini, akaniambia za ziada. Toka lini Mjapani akaweka bolti za ziada?

nimekaa_pale: Uzi bila picha. Tunataka tuione hiyo silikoni.

boksa_nne: Mleta mada na wewe una kesi yako. EJ205 haili gasketi hovyo, wenye sifa hiyo ni EJ25 za lita 2.5, wewe uliichemsha mwenyewe hapo Ubungo. Na mbona husemi kama hedi zilipimwa? Unaweka rula ya chuma, unapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake, ikizidi kipimo cha kiwanda inaenda kuchongwa. Hata ungeweka gasketi ya dhahabu, hedi ikiwa imepinda itavuja tu. Na bolti zake zina utaratibu, unakaza, unalegeza zote, unakaza upya kisha unamalizia kwa kuhesabu digrii, sio kuchomeka bomba refu kwenye spana na kubana pumzi.

Mleta mada: Hazikupimwa kwa sababu upande mmoja HAUKUFUNGULIWA, soma uzi mkuu. Na kaniambia nikanunue Passo!

babu_dizeli: Hilo la themostati ndo linanikera mimi. Kila fundi "nchi yetu ya joto haina kazi". Injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi inazidi kumimina mafuta, halafu unakuja kulia petroli imepanda. Ya kwangu ilitolewa mwaka mzima sijui.

dada_wa_passo: Samahani, Passo imewakosea nini? Nina mwaka wa sita na yangu, Arusha nimeenda na kurudi, sijawahi kuona mvuke. Fundi kakushauri vizuri tu.

lami_moto: Passo silinda tatu ikiwa sailensa, imewaka imesimama tu, inatetemeka mpaka meno yanagongana 😂😂

dada_wa_passo: Yangu ya 1.3, silinda NNE. Jifunze kwanza ndo ucheke. Wewe gari yako ipi, maana kila siku tunakuona humu na hatujawahi kusikia gari lako.

lami_moto: Nina pikipiki, hainidai themostati.

mzee_wa_gia: 😂😂😂 kaka WRX umesikia, pikipiki hiyo

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Nani ana sehemu ya uhakika ya kuchonga hedi, nataka zipimwe zote mbili, rejeta nayo iwe mpya, na sitoki gereji mpaka nione bolti ya mwisho inakazwa.

nimekaa_pale: Picha bado.

kibonge_wa_tabata: Mkiwa hapo hapo kwenye mafundi, yule wa AC mnamjua? Mwenye mtungi wa kijani. Kanijazia gesi laki na nusu, siku ya tatu inanipulizia joto kama jiko la mkaa, nimerudi anasema nimeitumia sana. AC inatumiwaje sana??

babu_dizeli: Huyo alimwambia shemeji yangu afungue vioo wakati gesi inazoea gari.

dada_wa_passo: Huyo huyo! Mimi kanitobolea bomba halafu akanidai na hela ya bomba.

kibonge_wa_tabata: Dada njoo inboksi, mimi namfuata kesho asubuhi, tukiwa wengi hatatoroka.