Serikali ya Australia na vijiji vya mbali vya Waaborijini: wanaongea nao au wanaongea peke yao?

Nesi wa Jangwani
Wakuu, salaam. Mimi ni muuguzi, niko Northern Territory mwaka wa nne sasa. Kijiji sikitaji, ila kufika Alice Springs ni kutwa nzima ya barabara ya vumbi, na mvua ikinyesha ndiyo basi tena. Tangu ile kura ya maoni ya 2023, ya kuwapa Waaborijini, wenyeji wa asili, "Sauti", yaani chombo cha kulishauri bunge, kila ofisi ya serikali inasema "tunawasikiliza". Nataka niwasimulie kusikilizwa kwenyewe.

Jumatano imetua ndege ndogo saa nne asubuhi. Wameshuka watu sita wa idara moja, mmoja kofia yake ya jua bado ina lebo ya bei. Ajenda ni nyumba. Wamewasha jiko la gesi chini ya mti, wamechoma soseji, wamebandika karatasi kubwa ukutani, wakauliza: mnauonaje mpango huu? Wazee kimya. Huku ukimya ni sehemu ya mazungumzo, mtu anapima. Kijana wa idara hakuuweza. Akarudia swali, safari hii kwa sauti kubwa, kana kwamba wazee ni viziwi. Mama mmoja akasema "uwa", ndiyo kwa Kipitjantjatjara. Ikaandikwa. Mkalimani hakuwepo. Saa nane ndege imeruka.

Jioni yule mama kaja kliniki kuchukua dawa za sukari. Nikamuuliza ule mpango ulikuwa upi. Akacheka. Alitaka waondoke mapema, joto lilikuwa limezidi. Na bibi mwenye usemi juu ya eneo lile hakuwepo, yuko mjini anasafishwa damu. Hiyo "uwa" ni sawa na sisi tunavyomwambia mtu "karibu tena" huku tumeshika kitasa.

Mimi nasema hivi: mkutano usio na mkalimani si mkutano, na mgeni asiyelala hata siku tatu hajafika. Hata mkuu wa wilaya wa kwetu Tanzania hutuachia vumbi la V8, lakini walau tunaelewa alichosema. Mnasemaje?

Mpare Mbahili
Soseji zilizobaki waliondoka nazo au waliacha? Hilo ndilo litaniambia kama ni serikali makini.

Kigogo Mstaafu
Dada yangu, hoja nzuri, ila kwenye V8 umetukosea adabu. Nimekuwa afisa tarafa miaka 19. V8 nilikuwa naiona kwenye msafara wa wakubwa kama wewe tu. Nilikuwa na pikipiki. Nimelala vijijini, nimekula ugali wa mtama kwa watu, nimetoboa tairi saa mbili usiku porini. Msituweke kapu moja na hao wa kofia mpya.

Chuma cha Pua
Mnawapamba bure. Nimeishi Melbourne miaka mitatu, nawajua. Watu wanapewa hela bila kufanya kazi, ikiingia tu ni chupa. Serikali imefanya nini haijafanya? 1967 wakapewa haki ya kupiga kura. Wakapewa na chombo chao, ATSIC, wakala hela hadi Tony Abbott akakifuta. 2023 wakataka Sauti yao iingizwe kwenye katiba, wananchi wamekataa. Demokrasia hiyo.

Wakili wa Kijiweni
Chuma, sentensi nne, makosa mawili. Kura ya shirikisho waliipata 1962. Ile ya 1967, iliyopita kwa zaidi ya asilimia 90, ilihusu wahesabiwe na wenzao kwenye idadi ya watu na bunge la Canberra liweze kuwatungia sheria. ATSIC ilianza 1990, ikafutwa 2005, na aliyekuwa waziri mkuu ni John Howard. Abbott ni yule wa 2015, wakati Western Australia inazungumzia kufunga vijiji vingi vya mbali, akasema serikali haiwezi kugharamia milele "mtindo wa maisha" ambao mtu amejichagulia. Yaani kukaa kwenye ardhi ya babu yako ni mtindo, kama kunyoa kiduku.

Chuma cha Pua
Kwa hiyo nikikosea jina la waziri mkuu ndiyo chupa zinapotea?

Omwami wa Perth
Ndugu Chuma, hebu wacha nikueleze pole pole. Mimi ni Mkenya, naendesha malori ya migodini, wiki mbili huko ndani, wiki moja nyumbani. Melbourne iko mbali na jangwa kuliko Nairobi ilivyo mbali na Lusaka. Vijiji vingi huko ndani ni marufuku pombe, na vingi vilijipigia marufuku vyenyewe, kabla serikali haijaamka.

2007 ndiyo ilikuja ile Intervention, serikali kuu kuingilia vijiji vya Territory kwa nguvu. Kulikuwa na ripoti kuhusu watoto wanaodhulumiwa, jambo zito kweli. Pendekezo lake la kwanza kabisa lilisema chochote mtakachofanya, kaeni na hawa watu mkipange pamoja. Howard akatuma wanajeshi. Sheria ya kuzuia ubaguzi wa rangi ikawekwa kando ili mpango upite. Nusu ya pesa ya msaada ikafungiwa, ukanunue tu vitu serikali imekubali. Na mlangoni mwa kijiji likasimamishwa bango kubwa la buluu: pombe marufuku, picha za ngono marufuku. Sasa wewe ni mzee wa kanisa la Kilutheri, hujawahi kuonja hata bia, kila siku unapita chini ya hilo bango na wajukuu. Kisha unashangaa akija afisa unamwambia "uwa" ndiyo aende.

Mama Shaurimoyo
Hapo kwenye bango nimesisimka. Wangeweka hilo bango Oysterbay kwa matajiri tungeona.

Chuma cha Pua
Hamjibu hoja. Seneta Jacinta Nampijinpa Price, mama yake ni Mwarlpiri wa hukohuko, alizunguka nchi nzima akipinga ile Sauti. Naye mtamfundisha Uaborijini kutokea Perth? Na huyu nesi tusidanganyane, analipwa posho ya mazingira magumu. Matatizo yao yakiisha naye kibarua kimeisha. Anatetea mkate wake.

Nesi wa Jangwani
Sikutaka kukujibu, ila umenigusa. Ndiyo, nalipwa, tena vizuri. Nakaa nyumba ya serikali yenye kiyoyozi na uzio. Mgonjwa wangu ng'ambo ya barabara wanalala kumi na moja vyumba viwili na choo kimeziba tangu kabla ya Pasaka. Kila asubuhi nafungua hilo geti nikijua hivyo. Kwa hiyo ukisema mkate, sawa, ni mkate. Hutanionea huruma kwa hilo wala mimi sijiombei.

Kuhusu Seneta Price, ana haki yake. Waaborijini si mtu mmoja. Lakini mwaka ule karani wa kura alikuja hapa na boksi lake kwa gari, na vituo vingi vya mbali vya Territory vilisema ndiyo, tena kwa kishindo. Taifa kwa jumla likasema hapana, kama asilimia 60, na majimbo yote sita. Ukiwa hapa siku ya matokeo ungeona jinsi watu walivyokuwa wanasikiliza redio wakiwa wamekaa chini, halafu mtu mmoja mmoja akainuka akaenda.

Narudi kwenye hoja yangu. Nendeni mkaangalie Kintore, jangwani magharibi, karibu na mpaka. Wagonjwa wa figo walikuwa wanahamia Alice Springs na kufia huko, mbali na ardhi yao. Wachoraji wao wa Papunya Tula, kampuni ya wasanii wa huko, na wenzao wakachora, mwaka 2000 picha zikapigwa mnada Sydney, ikapatikana zaidi ya dola milioni moja. 2004 mashine ya kwanza ya kusafisha damu ikawa inafanya kazi Kintore. Malipo ya bima ya taifa kwa huduma hiyo vijijini yamekuja 2018. Hesabuni wenyewe miaka. Hapo nani alitakiwa kumsikiliza nani?

Wakili wa Kijiweni
Basi umejipinga mwenyewe dada. Mwanzoni ulisema tatizo ni mkalimani na kulala siku tatu. Kintore inaonyesha tatizo ni nani anashika hela na uamuzi. Afisa anaweza kuja na wakalimani kumi, akalala mwezi, akarudi Canberra kutekeleza kilekile. Makubaliano ya 2020 ya kuziba pengo la maisha kati ya wenyeji wa asili na Waaustralia wengine yaliandika kabisa kwamba madaraka yagawanywe na asasi za wenyeji wenyewe. Februari 2024 Tume ya Tija ya kwao, chombo cha kuishauri serikali, ikasema serikali kwa sehemu kubwa zinaendelea kama zamani. Saini wameweka, mikono hawajabadilisha.

Nesi wa Jangwani
Sijipingi. Asiyekuelewa hawezi kukuachia uamuzi, atakuogopa. Tena huku msiba ukitokea kijiji kizima kinasimama kwa siku kadhaa, nyumba ya marehemu inahamwa, jina lake halitajwi. Mgeni asiyelijua hilo anaandika "wananchi hawakujitokeza".

Na kuna hili: hadi 2008 vijiji vingi vilikuwa na mabaraza yao madogo. Territory ikayaunganisha kuwa mabaraza makubwa. Zamani bomba likipasuka unatembea hadi kwa fulani. Leo unapiga namba, inaita mjini, unasikilizishwa muziki.

Kigogo Mstaafu
Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote humu, na sisi tulishalifanya. 1972 tulifuta halmashauri, madaraka yakaja mikoani, ikaitwa madaraka mikoani kweli. Miaka kumi na kitu baadaye tukazirudisha kimyakimya, mabomba yameshakauka na barabara za vijijini zimeota majani. Nilianza kazi wakati zinarudishwa, nikamkuta mzee anayejua kila koki ya maji ya tarafa iko wapi, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Waaustralia wangekuja kutuuliza wangeokoa hela. Nilizunguka kata zote na ile pikipiki.

Mpare Mbahili
Pikipiki aina gani mzee?

Kigogo Mstaafu
Yamaha DT. Ya mradi. Breki ya mbele haikuwepo.

Mpare Mbahili
DT! Ile ikikataa kuwaka unaipeleka kwenye mteremko unamwomba Mungu.

Mama Shaurimoyo
Kigogo usitukimbize na DT. Hiyo mikutano yenu nimehudhuria. Mnakuja na fomu ya mahudhurio, tunasaini, kesho tunasikia "wananchi waliridhia". Mimi nilisaini nikidhani ni ya soda.

Kigogo Mstaafu
Mama, soda ilikuwepo?

Mama Shaurimoyo
Ilikuwepo. Ya moto.

Chuma cha Pua
Mnaona sasa. Kumbe ni kulekule. Halafu mnawacheka Wazungu.

Wakili wa Kijiweni
Nani kawacheka? Waogiek, wenyeji wa msitu wa Mau, walilazimika kufika Mahakama ya Afrika hapo Arusha kuishtaki Kenya, wakashinda 2017. Wahadzabe, wawindaji wa Yaeda huku Tanzania, walipata hati ya ardhi yao 2011, na hadi leo kuna mtu anawaita "wale wa porini". Hakuna aliye msafi.

Omwami wa Perth
Ati Kenya tena? Kila mada humu lazima muishie Kenya. Kwani Loliondo, mnakowaondoa Wamasai, iko Mombasa?

Mpare Mbahili
Ndiyo hiyo sasa. Nilikuwa nashangaa imechelewa wapi.

*(Kurasa mbili za Loliondo, Mau, na nani alianza kulima chai.)*

Kijana wa Chanika
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Dada nesi, nina diploma ya uuguzi na leseni iko hai. Kazi za huko zinapatikanaje? Mtihani wa Kiingereza wanataka alama ngapi? Nimekutumia ujumbe pembeni.

Chuma cha Pua
Nilisema mkate mkanitukana.

Nesi wa Jangwani
Kijana, nimekujibu pembeni.

Wengine, taarifa tu. Ile idara ilisema itarudi leo na majibu ya mpango wa nyumba. Juzi usiku tumepata msiba. Nimewapigia jana mara mbili, nimeacha ujumbe kwamba wasije wiki hii. Ndege imetua saa nne kamili. Mkalimani safari hii wamemleta, kijana mzuri sana, alipoona mabarazani hakuna mtu akaelewa hapohapo, akakataa kushuka. Wale wengine wameshuka. Wamekaa chini ya mti na karatasi zao, wamechoma soseji, wamekula wenyewe.

Mpare Mbahili
Kwa hiyo jibu la swali langu la kwanza tumelipata.